Pishi ya Uongo: Somo Juu ya Memori Kadi Mbovu



Somo letu safari hii lahusu kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: memori kadi, yaani kadi ya kumbukumbu tunayotia katika simu, kamera na redio. Urefu wake ni milimita 15, upana wake milimita 11, na unene wake milimita 1 tu. Huenda wengine watasema kwamba habari za kadi ni za vijana wa mjini, hazifai kuandikwa katika gazeti la kanisa. Lakini kadi hii ni chombo cha kupimia, kama vile pishi, kibaba na debe. Na mahali popote palipo na kipimo, Maandiko Matakatifu yana neno la kusema.

Kabla ya kuendelea, tafadhali fungua Biblia yako usome: Kumbukumbu la Torati 25:13-16; Amosi 8:4-7; Mithali 20:14; Luka 19:1-10. Atakayesoma mistari hiyo kwanza ataelewa somo kwa urahisi.

1. HABARI YENYEWE

Kwaya moja hapa Ukonga iliagiza memori kadi kwa njia ya mtandao. Tangazo lilionyesha kadi ya gigabaiti 64, bei shilingi 9,000. Wakati huo kadi ya kiasi hicho ilikuwa ikiuzwa madukani kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Fedha zikatumwa kwa simu, na siku ile ile kijana wa bodaboda akaileta kadi mpaka Banana. Ilipotiwa katika simu, simu ikaandika kwamba nafasi iliyopo ni gigabaiti 59 na kitu. Wakapiga picha mbili tatu, wakazifungua, zikaonekana safi. Kila mtu akaridhika.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Baba Askofu alikuwapo, na kijana mmoja wa kwaya akapewa kazi ya kurekodi ibada kwa simu ya kwaya. Ibada ilichukua saa tatu. Jioni walipokaa kuangalia, maandamano ya kuingia yalionekana vizuri, nyimbo zilisikika, na masomo pia. Kuanzia mahubiri, mambo yakageuka. Majina ya video yalikuwapo katika orodha, tena kila moja na dakika zake, lakini hakuna hata moja iliyofunguka. Sehemu ya kuwekewa mikono, ambayo ndiyo watu walikuwa wakiingoja, haikuonekana kabisa. Miongoni mwa waliopokea kipaimara alikuwamo bibi wa miaka 74, na watoto wake walioko Masasi walikuwa wakingoja kumwona mama yao amepiga magoti mbele ya Askofu.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema kijana yule amefuta video za kanisa ili apate nafasi ya kuweka mpira. Wengine walisema alichoka, akaacha simu, akatoka nje kupiga soga. Alipojieleza, hakuaminiwa, kwa sababu video za mwanzo zilikuwa nzima. Watu wakauliza: ikiwa kadi ni mbovu, mbona nusu imeshika? Kijana akaacha kuja mazoezini. Jumapili tano zilipita bila kuonekana.

Mwishowe fundi simu mmoja, Mkristo mwenzetu, aliomba apewe kadi ile aipime. Akaijaza yote kwa programu ya kompyuta, kisha akaisoma tena. Ikajulikana kwamba kadi iliyoandikwa 64 ilikuwa na uwezo wa kushika gigabaiti 8 tu. Kijana hakuwa amefuta kitu.

Katibu wa kwaya alimwandikia muuzaji akamweleza matokeo ya kipimo. Jibu lilikuwa lile tunalolijua sote: mali ikishauzwa hairudishwi. Baada ya hapo namba yake ya simu haikupatikana tena.

Basi hasara zilikuwa tatu. Ya kwanza ni shilingi 9,000. Ya pili ni kumbukumbu ya ibada ambayo haiwezi kurudiwa. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni jina la kijana asiye na kosa. Hasara ya kwanza ililetwa na muuzaji. Hasara ya tatu tuliileta wenyewe, waumini.

2. JINSI KADI INAVYODANGANYA

Ili tusirudie kumshitaki mtu asiye na hatia, yatupasa kujua mambo haya yanavyofanyika. Si magumu.

Katika kadi kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ghala, yaani chipu inayoshika picha na sauti. Chipu ya namna hii inashika kumbukumbu hata umeme ukizimwa. Aliyeibuni ni Mjapani Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba, na aliitangaza kwa wataalamu wenzake mwaka 1984. Sehemu ya pili ni kidhibiti, ambacho ni kama karani wa ghala. Simu haiingii ghalani yenyewe. Inamwuliza karani: una nafasi kiasi gani? Karani anajibu, na simu inaamini.

Mdanganyifu hufanya hivi. Huchukua kadi yenye ghala dogo, kisha humfundisha karani kujibu uongo. Ghala ni la gigabaiti 8, lakini karani anasema 64. Halafu kadi inachapwa namba 64 na jina la kampuni maarufu, na kutiwa katika pakiti inayong'aa. Kwa nje huwezi kutambua. Simu nayo haitambui, maana imezoea kumwamini karani.

Tutumie mfano wa daftari. Mwanafunzi amenunua daftari ambalo jalada lake limeandikwa kurasa 64. Ndani mna kurasa 8 tu. Mwanzoni kuna ukurasa wa yaliyomo. Mwanafunzi anaandika somo la kwanza, la pili na la tatu, yote yanakaa vizuri. Kurasa 8 zikiisha, yeye anaendelea kuandika hewani, na kila mara anajaza orodha ya yaliyomo: somo la tisa, ukurasa wa 9, somo la kumi, ukurasa wa 10. Mwalimu akitazama orodha anaona kazi yote imefanywa. Akifunua ukurasa wa 10, haupo.

Kuna kadi nyingine zilizo mbaya zaidi. Hizo zikijaa huanza tena mwanzo, zikaandika juu ya yale yaliyokwisha kuandikwa. Hapo hata yaliyokuwa mazima yanaharibika.

Sasa tupige hesabu ya ile Jumapili. Simu nyingi zikirekodi video iliyo safi hutumia megabaiti 130 hivi kwa dakika moja. Saa moja, yaani dakika 60, ni megabaiti 7,800, karibu gigabaiti 8 kamili. Saa tatu ni megabaiti 23,400, ambazo ni gigabaiti 23 na kitu. Kadi halisi ya 64 ingeshika ibada yote na nafasi ingebaki. Kadi ya 8 ilishika saa ya kwanza tu. Ndiyo maana maandamano na masomo yalipona, na kuwekewa mikono kukapotea. Lile lililoonekana kuwa ushahidi dhidi ya kijana, yaani kwamba nusu ni nzima na nusu haipo, ndilo hasa alama ya kadi ya uongo.

Hapa niongeze maneno mawili ya haki. Kwanza, kadi halisi ya gigabaiti 64 ikisomwa na kompyuta huonyesha 59.6, na huo si wizi. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Kompyuta nyingi huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ni kama tofauti ya maili na kilomita: safari ni ile ile, namba ni mbali mbali. Kwa sababu hiyo kadi ya 32 huonyesha 29.8, na ya 128 huonyesha 119.2. Pili, si kila kadi iliyoharibika ni ya kughushi. Kadi halisi nayo huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, au huharibika ikichomolewa wakati simu ingali inaandika. Kwa hiyo tusimwite mtu mwizi kabla ya kupima.

3. MAANDIKO YANASEMAJE?

Jina la kifaa hiki lapatana na jina la kitabu cha Biblia. Tunakiita kadi ya kumbukumbu, na agizo lililo wazi kuhusu vipimo limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25. Zamani zile wafanyabiashara walipima kwa mawe waliyochukua mfukoni. Mjanja alikuwa na mawe ya namna mbili: zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Nyumbani mwake alikuwa na vipimo viwili vya nafaka, kikubwa na kidogo. Mungu alikataza mambo hayo, na mstari wa 16 unasema kwa ukali jinsi anavyowatazama wanaoyatenda. Angalieni kwamba kosa linaanza pale mtu anapokuwa nacho kile kipimo cha uongo, kabla hata hajamwuzia mtu.

Nabii Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa. Alihubiri katika karne ya 8 kabla ya Kristo, siku za Mfalme Yeroboamu wa pili, wakati biashara ilikuwa imestawi sana. Katika sura ya 8 anawataja watu wanaoona sikukuu inachelewa kwisha ili wafungue maduka. Wanapunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, wanaongeza uzito wa shekeli, yaani kipimo cha fedha, wanachezea mizani, na mwisho wanauza takataka za ngano. Tulinganishe na kadi. Efa iliyopunguzwa ni ghala la 8 linaloitwa 64. Takataka za ngano nazo zipo, maana baadhi ya kadi hizi hutengenezwa kwa chipu ambazo kiwanda kilizikataa kwa kuwa na kasoro. Miaka 2,700 na zaidi imepita, wala ujanja haukubadilika isipokuwa umekuwa mdogo wa kuingia katika kiganja.

Amosi anasema pia ni nani anayeumia: maskini. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Mwenye fedha huenda katika duka kubwa akapewa risiti na dhamana. Mwenye shilingi 9,000 hununua cha shilingi 9,000. Tusimcheke wala tusimwambie kwamba ni tamaa yake. Kutafuta bei nafuu si dhambi. Akina mama wetu hufanya hivyo kila asubuhi sokoni Gongo la Mboto. Mithali 20:14 inamwonya mnunuzi anayesema kitu ni kibaya ili apunguziwe, kisha huenda zake akijisifu. Onyo hilo litufae sisi tunaposhinikiza bei mpaka muuzaji mwaminifu ashindwe kuishi, akabaki yule wa uongo peke yake. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tuzitazame Amri Kumi. Muuzaji alivunja amri ya nane, maana kuchukua fedha za gigabaiti 64 na kutoa 8 ni kuiba 56. Lakini amri ya tisa ilivunjwa na nani? Ilivunjwa penye mlango wa kanisa, watu waliposema juu ya kijana wasiyoyajua. Katekisimu tuliyojifunza kabla ya kipaimara inaziweka amri hizo mbili pamoja katika wajibu wetu kwa jirani: mikono isiibe, na ulimi usiseme uongo. Ni ajabu kwamba kadi moja mbovu ilitosha kutupima sote. Muuzaji alikuwa na pishi ya uongo mfukoni, nasi tulikuwa na pishi ya uongo mdomoni. Tulimpimia kijana neno moja, naye akabebeshwa mzigo wa Jumapili tano.

4. JE, TUMWUZIE MWINGINE?

Baada ya ukweli kujulikana, lilitokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo hili. Katika kikao cha kwaya mtu mmoja alishauri kadi ile iuzwe kijiweni kwa shilingi 5,000, ili angalau nusu ya fedha irudi. Alisema: nasi tumeuziwa hivyo hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiitunza fedha ya kwaya, na wengi wetu tungefikiri hivyo hivyo.

Lakini tufuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Kama kuuziwa kibovu kunampa mtu ruhusa ya kuuza kibovu, basi kadi ile itazunguka mji mzima. Kila atakayeipokea atakuwa ameibiwa mara moja na kuiba mara moja, na kila mmoja atajiona hana hatia. Huenda hata yule aliyetuuzia alikuwa na hoja hiyo hiyo mdomoni. Uovu hausimami mpaka apatikane mtu mmoja atakayesema: hasara hii itaishia kwangu.

Mwingine aliuliza swali zuri zaidi: je, si halali kuiuza kwa kusema kweli, kwamba ni ya 8? Swali hili lastahili jibu. Kusema kweli ni bora kuliko kudanganya. Tena zipo programu zinazoweza kuipanga kadi ili itumike ile sehemu ya kweli tu, na mwenye ujuzi anaweza kuitumia hivyo nyumbani kwake. Lakini karani wa ndani anabaki mwongo. Siku kadi ikisafishwa upya, itasema tena 64. Mnunuzi wa kwanza utamweleza. Je, wa pili na wa tatu ataelezwa na nani? Namba iliyochapwa juu yake itaendelea kuhubiri uongo wakati wewe haupo. Kwa hiyo kwaya iliamua kuikata kadi kwa mkasi. Ilikuwa hasara, lakini Kumbukumbu la Torati inatuambia tusiwe nacho kipimo hicho hata nyumbani.

Kisha kuna habari ya Zakayo katika Luka 19. Zakayo hakuishia kusikitika moyoni. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Toba yake ilikuwa na namba. Nasi tulikuwa na deni, si la fedha bali la jina la mtu. Deni la jina hulipwa pale lilipokopwa. Maneno yalisemwa mbele ya watu, basi na kusafishwa kulifanyika mbele ya watu: baada ya matangazo ya Jumapili, mwalimu wa kwaya alisimama na kueleza kipimo kilivyoonyesha, na kwamba kijana hana kosa. Amerudi mazoezini, ingawa hajakubali tena kushika simu ya kurekodia. Tusishangae. Jina lililochafuliwa kwa siku moja halisafiki kwa siku moja.

5. JINSI YA KUPIMA KADI

Mzani wa sokoni na pampu ya mafuta hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, nao hutia alama ya kuonyesha kwamba kipimo ni cha kweli. Wakala huo huo hupiga vita lumbesa, ule ujazo wa kupita kiasi unaomdhulumu mkulima. Memori kadi haina mkaguzi wa namna hiyo anayepita kijiweni na mtandaoni. Hivyo kila mnunuzi hana budi kuwa mkaguzi. Fuata hatua hizi:

(a) Linganisha bei. Ulizia bei katika maduka matatu. Ikiwa kadi inauzwa chini ya nusu ya bei ya wengine, tia shaka. Ikiwa kadi kubwa mno inauzwa kwa bei ya ndogo, usinunue.

(b) Usiridhike na namba inayoonyeshwa na simu. Hayo ni maneno ya karani yule yule. Wala usiridhike na picha mbili tatu. Kila kadi ya uongo hufaulu jaribio dogo, maana ghala lake dogo bado halijajaa.

(c) Ijaze yote. Debe la uongo hujulikana kwa kujazwa. Fundi mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya H2testw, au ile iitwayo F3. Zote mbili hupatikana bila malipo. Programu huandika kadi nzima, kisha huisoma na kulinganisha yaliyoandikwa na yaliyosomwa. Kama kadi inaandika megabaiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 64 zitachukua sekunde 6,400, yaani dakika 107 hivi, na kusoma kutahitaji muda wake pia. Ni kazi ya asubuhi moja.

(d) Asiye na kompyuta ajaze kadi kwa video mpaka simu iseme imejaa, kisha azime simu na kuiwasha. Afungue video ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kila moja aitazame hadi mwisho. Zikifunguka zote, ni dalili njema.

(e) Pima mapema, si asubuhi ya arusi au ya ubatizo. Na baada ya tukio lolote kubwa, nakili video mahali pengine siku hiyo hiyo. Hata kadi ya kweli yaweza kupotea.

6. HAKI YA MNUNUZI

Mkristo aliyedhulumiwa hakatazwi kudai haki yake. Mathayo 18:15 inatufundisha utaratibu: kwanza mwendee aliyekukosea, ninyi wawili peke yenu. Mweleze kwa upole, maana wachuuzi wengi wadogo hununua kwa jumla bila kujua, nao wamedanganywa kama wewe. Mwonyeshe matokeo ya kipimo. Aliye mwaminifu atabadilisha au atarudisha fedha.

Asipokubali, kumbuka kwamba maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" hayageuzi uongo kuwa kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Tangazo likisema 64, bidhaa iwe 64. Bidhaa za kughushi zimekatazwa kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wanaoshughulikia jambo hilo ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003. Na kwa ununuzi wa mtandaoni ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo ina sehemu ya kumlinda mlaji. Ili usaidiwe, tunza ushahidi: picha ya tangazo, maandishi mliyoandikiana, ujumbe wa fedha uliyotuma, pakiti, na matokeo ya kipimo.

Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozifungia simu bandia zisitumike katika mitandao. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya tarakimu 15, ambayo mtu huiona kwa kubonyeza *#06#. Namba za bandia zikajulikana, zikafungwa usiku mmoja. Memori kadi hazina daftari la namna hiyo. Kwa hiyo ulinzi wake unategemea mambo mawili tu: kipimo cha mnunuzi na dhamiri ya muuzaji.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wenye vibanda na wanaouza kwa simu, na tunao wengi katika mtaa huu. Ninyi ndio mwezao kuikomesha hila hii kuliko sheria yoyote. Fungua pakiti moja katika kila boksi, uipime kabla ya kuuza. Ikiwa ni ya uongo, rudisha boksi zima ulikolitoa. Mwambie mnunuzi: ijaze, ikikataa irudishe. Mwezi wa kwanza utapata faida kidogo. Baadaye watu watasema: nenda kwa fulani, yule ni Mkristo, kadi yake haidanganyi. Huo ni ushuhuda unaosikika hata kwa wasioingia kanisani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini kadi ya uongo hufaulu jaribio dogo? Ni mambo gani mengine maishani yanayofaulu jaribio dogo na kushindwa kubwa?

2. Piga hesabu: kadi imeandikwa 32, lakini ghala lake ni gigabaiti 4. Kwa megabaiti 130 kila dakika, video za dakika ngapi zitapona?

3. Katika habari hii, ni nani aliyevunja amri ya nane, na ni nani aliyevunja ya tisa? Ni kosa lipi lililo rahisi zaidi kutengenezwa?

4. Umepewa noti bandia katika chenji ya daladala, ukagundua nyumbani. Utafanya nini nayo? Tumia hoja za sehemu ya 4.

5. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu anayebeba lawama ambayo haijapimwa bado? Nani atakwenda kumsikiliza?

SALA

Ee Mungu wa haki, uliyetukataza vipimo viwili, tusafishe mikono yetu katika kuuza na kununua, na ndimi zetu katika kuhukumu wenzetu. Utupe moyo wa kukubali hasara kuliko kuipitisha kwa jirani, na haraka ya kumrudishia mtu jina lake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.